Kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya chini: majibu kwa wanaosema ni kazi rahisi

Ukishatamka tu kwamba unataka nyumba yako ya vyumba vitatu iwe ya ghorofa, washauri hawakosekani. Fundi atafika na futi kamba, shemeji ataleta mfano wa mtu wa Kimara, mwenye duka la vifaa atakuahidi punguzo la nondo. Wote watazungumza kwa uhakika, na hakuna hata mmoja wao atakayelala chini ya slabu ya hiyo ghorofa. Mengi wanayosema yana chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana yanapita bila kuulizwa. Lakini bajeti ya ghorofa haianzi kuharibika siku ya kumwaga zege. Huharibika siku ile mwenye nyumba anapouliza swali la uzito na akaridhika na jibu la "usijali, bosi".

Hoja ya kwanza huwa ni ya jirani. "Mbona fulani kapandisha, na nyumba imesimama mpaka leo?" Waswahili walishasema, usione vyaelea, vimeundwa. Nyumba ya jirani umeiona kuanzia usawa wa ardhi kwenda juu. Hukuona alichimba kina gani, nguzo zake zimeanzia wapi, wala kama alijenga tangu mwanzo akijua kwamba siku moja atapanda. Wapo wengi waliofanya hivyo: nguzo zilisimikwa pamoja na msingi, zikafichwa ndani ya kuta, na miaka kumi baadaye mwenyewe akapandisha huku mtaa mzima ukidhani ameamka asubuhi na wazo jipya. Nyumba yako yawezekana ilijengwa ibebe bati tu.

Tena kusimama si ushahidi wa kutosha. Jengo lililoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20 halikuwa gofu. Lilikuwa la ghorofa, linatumika, maduka yake yana bidhaa na wateja. Jengo laweza kusimama miaka mingi likiwa limebeba karibu kiwango chake cha mwisho, kisha likaongezewa mzigo kidogo au likachimbwa chini, na mambo yakaishia hapo.

Hoja ya pili inahitaji muda zaidi, kwa sababu ndiyo inayobeba nyingine zote. "Msingi wako ni imara, tulilaza tofali za inchi 6, kozi tano, na mkanda wa nondo juu yake." Fundi hadanganyi. Huo ni msingi mzuri kabisa wa nyumba ya chini. Swali ni umetengenezwa kwa mzigo gani.

Chukua chumba kimoja cha mita 4 kwa 4. Leo juu yake kuna bati, mbao za kenchi, papi na dari ya jipsamu. Vyote hivyo, kwa eneo hilo la mita za mraba 16, kwa kawaida havifiki tani moja. Sasa mwaga slabu ya sentimita 15. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo slabu pekee ni karibu tani 6. Ongeza sakafu laini na vigae, tani moja na nusu hivi. Kuta za tofali za inchi 6 zenye kimo cha mita 3 huwa na uzito wa kilo 900 hivi kwa kila mita ya urefu, nazo zikizunguka chumba hicho chote ni tani 14. Watu, vitanda, makabati na friji, wahandisi huvitengea kilo 150 kwa kila mita ya mraba: tani mbili na nusu. Mahali palipobeba chini ya tani moja sasa patabeba zaidi ya tani 20, kabla hujalirudisha paa.

Hata hapo si lazima msingi uvunjike. Kwenye mchanga mgumu na mkavu, msingi mpana wa ukuta una akiba kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na mhandisi anaweza kukwambia hivyo. Tatizo huanza pale mzigo unapoacha kutandazwa kwenye urefu wa kuta na kuanza kukusanywa kwenye nguzo. Nguzo ya katikati ya nyumba inaweza kupokea hizo tani 20 na zaidi kwenye sehemu moja. Kama udongo wako umepimwa na kuonekana unabeba tani 10 kwa mita ya mraba, nguzo hiyo inadai besi ya karibu mita 1.5 kwa 1.5. Besi hiyo haipo leo chini ya sebule yako. Kuiweka maana yake ni kuvunja sakafu, kuchimba ndani ya nyumba, kusuka nondo na kumwaga zege shimoni, kisha kuipandisha nguzo katikati ya ukuta uliokwishapigwa lipu na rangi. Rudia hivyo kwa nguzo tisa au kumi na mbili. Ukienda bondeni, kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, au karibu na Bonde la Msimbazi ambako maji yako juu, hesabu inabadilika yote.

Ndiyo maana fedha za kwanza za mradi huu hazipaswi kwenda kwenye saruji. Ziende kwenye mashimo. Chimba kando ya msingi sehemu mbili au tatu, kina cha mita moja hivi, mhandisi akiwa amesimama pale. Ataona upana wa zege la chini, aina ya udongo, na kama maji yanachuruzika. Toa lipu kipande kidogo kwenye mkanda, hesabu nondo, pima unene wake, angalia kutu. Nyumba nyingi za ukanda wa pwani zilijengwa kwa mchanga ambao hakuna aliyeuliza ulitoka wapi, na mchanga wenye chumvi ya bahari hula nondo kimyakimya ndani ya zege. Nondo ya milimita 12 iliyovimba kwa kutu na kupasua zege lake haihesabiwi tena kuwa ni ya milimita 12. Kazi hiyo yote ni ya siku chache, na gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na slabu moja ya kubomoa. Jibu likiwa "haiwezekani", umeokoa fedha za ghorofa nzima.

Hapo ndipo hoja ya tatu hujitokeza: "Mhandisi wa nini kwa ghorofa moja? Hao ni wa minara ya Posta." Nawaheshimu mafundi. Fundi mzuri anajua zege limekolea kwa kuliangalia, jambo ambalo mhandisi kijana hajui. Lakini ukubwa wa nondo hautokani na uzoefu wa jicho. Nimeona slabu iliyosukwa nondo nene kupita kiasi katikati huku upande wa juu, pale inapokaa juu ya boriti, hakuna kitu, wakati hapo ndipo zege huvutika na kupasuka. Mwenye nyumba alikuwa amelipia chuma kingi kuliko kilichohitajika na bado nyufa zikatokea. Mhandisi hupunguza nondo mahali na kuongeza mahali, na mara nyingi ada yake hurudi kwenye chuma kisichonunuliwa. Usichukue tu mtu anayeitwa "injinia" mtaani. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina orodha ya wahandisi iliowasajili, na namba ya usajili huulizwa bila aibu. Wasanifu na wakadiriaji majenzi wana bodi yao, makandarasi wana yao.

Sasa fedha. "Ghorofa ni nusu bei, kwa sababu kiwanja unacho na msingi upo." Hii ndiyo hoja tamu kuliko zote, na ndiyo inayowamaliza watu. Kiwanja unacho, kweli. Msingi tumeshaona. Lakini orodha ya fundi huanzia kwenye slabu, kana kwamba juu ya nyumba yako leo pako wazi. Kuna paa zima la kuezuliwa, na mbao zenye misumari ya miaka kumi na tano hazirudi zote zikiwa nzima. Bati zilizotobolewa hazipangiki tena kwenye mpangilio mpya bila kuvuja. Dari imekwenda, nyaya za umeme zilizopita darini zimekwenda, tanki la maji linatafuta mahali pengine. Familia inahitaji pa kulala kwa miezi kadhaa, na mwenye nyumba ya kupangisha Dar atakudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mstari huo sijauona hata mara moja kwenye makadirio ya fundi.

Kisha kuna ngazi, ambayo watu huichora mwishoni kama pambo. Kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu, tuseme ni sentimita 315. Kwa hatua za kimo cha sentimita 17.5, ni hatua 18. Ukizigawa mara mbili na kuweka kituo cha kugeukia, unahitaji urefu wa mita 3 na ushei na upana wa mita 2 na ushei. Ongeza nafasi ya mtu kusimama kabla ya kuanza kupanda, unakaribia mita za mraba 9. Hicho ni chumba cha mita 3 kwa 3. Mara nyingi anayepandisha nyumba ya vyumba vitatu anabaki na viwili chini, na kule juu nako sehemu ya eneo hilo hilo inakuwa tundu la ngazi. Fundi akikuchorea vyumba vitatu juu na vitatu chini kwenye kuta zile zile, mwombe akuonyeshe utakapopita. Wengine hukimbilia ngazi ya duara ya chuma. Inaokoa nafasi, ila siku ya kupandisha kabati la milango mitatu au kumteremsha mgonjwa ndipo utakapoijua.

Kwa wanaopenda tarakimu: slabu ya sentimita 15 kwa nyumba ya mita za mraba 80 ni zege la mita za ujazo 12. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa moja kwa mbili kwa nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko sita na nusu hivi ya kilo 50, kwa hiyo ni takriban mifuko 78. Hiyo ni slabu tupu. Boriti, nguzo, besi na ngazi zina hesabu yake. Chini ya slabu hiyo kuna mbao za kukodi na mirunda zaidi ya mia moja, na hivyo vyote hulipiwa kwa muda vinavyokaa. Anayekuletea bei ya jumla kwa mdomo, bila mchanganuo ulioandikwa wa kila kipengele, hajakupa makadirio. Na juu ya mchanganuo wowote wa nyumba ya zamani mimi huongeza asilimia 20 na kuiacha bila jina, kwa sababu kuta zikifunguliwa huwa zina ya kusema.

"Basi tumwage slabu kwanza, fedha zikipatikana tutaendelea." Ujenzi wa pole pole ndio umejenga sehemu kubwa ya miji yetu, na sina ugomvi nao. Nyumba ya chini inaweza kusubiri kwenye kozi ya tatu miaka miwili bila madhara makubwa. Slabu juu ya nyumba inayokaliwa haisubiri hivyo. Ukishaezua paa, slabu ndiyo paa lako, nayo haikutengenezwa kuwa paa. Mvua za masika zikija maji yatatuama katikati yake, yatafuata mabomba ya umeme yaliyozikwa ndani ya zege, na utayaona yakidondoka kwenye taa ya sebuleni. Nondo za nguzo zilizoachwa zimechomoza kusubiri ukuta wa juu zitakula kutu pale zinapotokea kwenye zege, mahali hasa zinapotakiwa kuwa na nguvu. Ukilazimika kusimama, zipake saruji nzito au uzifunike kwa zege dhaifu litakalobomolewa baadaye, na uipe slabu mteremko na mifereji. Hizo nazo ni fedha. Kituo salama cha kugawia awamu kiko mahali pengine: maliza kwanza besi na nguzo hadi chini ya paa la sasa, huku bati likiwa bado juu yako, kisha kusanya fedha za slabu, kuta na paa jipya kwa pamoja. Usiezue mpaka ziwe zimetimia.

Na haraka iliyo ndugu wa hoja hii: "Zege likifika wiki moja limekauka, tuvue mbao." Linaonekana limekauka. Nguvu inayoandikwa kwenye michoro ni ya siku 28. Ndani ya siku hizo, angalau saba za mwanzo, linatakiwa linyeshewe asubuhi na jioni, kwa maana zege huwa gumu kwa maji, na jua la Januari huyaiba. Mirunda iliyo chini ya slabu iachwe wiki tatu, na mhandisi ndiye atoe ruhusa. Siku ya kumwaga, mwambie ajaze vikasha vya mchemraba vya sentimita 15 kwa zege lile lile, vikapimwe maabara siku ya 7 na ya 28. Kila mwenye mirunda anataka mirunda yake mapema. Iweke kodi ya wiki ya tatu kwenye bajeti tangu mwanzo, maana usipoiweka ndiyo itakayoamua siku ya kuvua.

Kuhusu kibali sina maneno mengi. "Nyumba ni yangu na hati ninayo." Hati ni ya ardhi. Kibali cha ujenzi kilichotolewa kwa nyumba ya chini hakipandi juu pamoja nawe. Halmashauri itataka michoro mipya ya msanifu na ya mhandisi. Jengo lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013, likaua zaidi ya watu 30, lilikuwa limepanda ghorofa nyingi kuliko zilizoidhinishwa. Wanaokwambia X nyekundu ya kubomolewa haipakwi siku hizi hawatakuwepo itakapopakwa.

Watu wakishachoka na hesabu za zege, hutokea mwenye wazo la kitaalamu zaidi. Ameona kwenye simu nyumba za Uingereza ambazo dari imegeuzwa chumba cha kulala, kitanda chini ya dirisha la paa, pazuri mno. "Sisi tuna paa refu, tuweke mbao chini tulale." Huko Uingereza hiyo ni biashara kamili. Sheria ya England inaruhusu nyumba nyingi kuongeza ujazo wa paa, mita za ujazo 40 kwa nyumba zilizoungana mstari mmoja na 50 kwa nyingine, bila kuomba kibali cha mipango miji. Hata hivyo sakafu lazima iimarishwe, ngazi ikaguliwe, na milango ya kuzuia moto iwekwe.

Kwetu, anza na kimo. Nyumba ya upana wa mita 8 yenye paa la nyuzi 30 ina mita 2.3 tu kwenye kilele, na ukitoa sakafu na dari ya ndani utasimama wima mstari mmoja chini ya kilele, basi. Ikiwa paa ni la nyuzi 45, unapata ukanda wa mita 3 na nusu wa kutembea, na hapo mazungumzo yana maana. Linalofuata ni kenchi. Zile mbao za katikati zinazokuzuia kupita ndizo zinazoshika paa, na mbao ya chini inazuia kuta zisisukumwe nje. Fundi akikata moja "kutoa nafasi", paa linaanza kujitanua na nyufa hutokea kwenye pembe za kuta, taratibu, baada ya yeye kuondoka. Mbao zile zilipangwa zishike jipsamu, hazikupangwa kushika kitanda na watu wawili. Kuna njia ya kuzibadilisha kwa boriti mpya zinazokaa kwenye kuta imara, na kwa uzito ni nyepesi mno kuliko slabu, kwa hiyo kwa nyumba yenye paa kali naliona ni wazo la kufikiriwa. Ila weka kwenye bajeti kitu cha kuzuia joto chini ya bati na matundu ya hewa pande zote mbili. Dar saa nane mchana chini ya bati tupu, hicho ni chumba cha kukaushia dagaa.

Mwisho huwa ni wapangaji. "Kodi ya juu italipa yenyewe." Tuseme ghorofa imekugharimu milioni 60 na unapangisha sehemu mbili kwa 250,000 kila moja. Ni miezi 120, miaka kumi, bila chumba kukaa kitupu hata mwezi, bila kupaka rangi, bila riba ya mkopo. Kodi ya majengo nayo, tangu ilipohamishiwa kwenye malipo ya umeme wa LUKU mwaka 2021, huitoza ghorofa kwa kiwango chake cha juu: ilianza kwa 5,000 kwa mwezi wakati nyumba ya kawaida ilianza kwa 1,000, na viwango vimepandishwa tangu hapo. Shimo la maji taka lililochimbwa kwa familia moja litajaa kwa familia tatu, na gari la kunyonya litakuwa linakuja mara tatu zaidi. Mpangaji hatakubali kupita sebuleni kwako, kwa hiyo ngazi itatoka nje, ambako itakula uchochoro na kukuletea mazungumzo na jirani kuhusu mpaka.

Kama kusudi lako ni wapangaji, na kiwanja kina nafasi nyuma, vyumba viwili vya chini vyenye choo chake vinajengwa bila mirunda, bila ngazi na bila kuezua bati. Na miezi yote hiyo utaendelea kulala kitandani kwako.